Minada Miwili

Bango lile niliandika mimi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani namsimulia Constantine Ndalahwa nikiwa nimekaa pembeni, mikono yangu safi. Alikuja nyumbani na karatasi ngumu na kalamu nene za rangi, akasema, "Mwalimu Sylvester, mwandiko wako unasomeka, nisaidie." Nikamwandikia kwa herufi kubwa nyekundu: UKIPIGA DAWA YA PAMBA, USICHUME MAJANI YA KUNDE MPAKA MINADA MIWILI IPITE. Chini yake nikachora ng'ombe wawili kwa ajili ya wasiojua kusoma. Ng'ombe wenyewe walitoka vibaya, mmoja ana miguu mitatu, na watu walikuwa wanasimama mbele ya ghala la pamba kuwacheka. Lakini walisoma, na tulichotaka ni wasome.

Constantine ni bwana shamba wetu, afisa ugani kwa lugha ya ofisini, katika vijiji vya upande huu wa Mwamapalala. Amezaliwa hapa hapa. Nilimfundisha darasa la nne, na alikuwa mtoto wa kuuliza "kwa nini" mpaka mwalimu unatamani kengele ilie. Alisomea kilimo, akapangiwa kazi mbali, akakaa huko miaka sita. Baba yake alipofariki, mama akabaki peke yake na ekari zake tatu, Constantine akaandika barua kuomba arudishwe nyumbani. Nilimwambia asifanye hivyo. Kufanya kazi ya serikali kwenu ni kujitafutia balaa, maana kila unayemkataza kitu ni shangazi au mjomba wako. Alicheka tu. Alidhani watu watamsikiliza zaidi kwa sababu ni wa kwao.

Mama yake aliitwa Nyamizi, ila sisi wote tulimwita Ng'wana Mayala, binti wa Mayala, kama tunavyowaita wanawake wetu kwa majina ya baba zao. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kufuata mambo kwa utaratibu hadi inachosha. Ukimwambia mkutano ni saa nne, saa tatu na nusu yuko pale, amekaa juu ya khanga yake anasubiri watu wasiokuja mpaka saa sita. Kijijini walimtania kwamba hata kuku wake wanalala kwa zamu. Alikuwa anatabasamu tu.

Sasa nieleze habari ya kunde, maana bila hiyo hamtaelewa chochote. Kwetu pamba ni ya mwanaume na mboga ni ya mwanamke, lakini shamba ni moja. Mume akishapanda pamba yake mpaka kwenye kizingiti cha mlango, mwanamke apande wapi? Anapenyeza kunde katikati ya mistari ya pamba. Mama zetu walifanya hivyo na bibi zetu walifanya hivyo. Majani ya kunde yakiwa bado laini tunayala mabichi, na yanayobaki yanachemshwa kidogo na kuanikwa juu ya mawe mpaka yakauke. Hayo tunayaita nsansa. Kiangazi chote, mvua ikishapotea na mifugo ikishamaliza hata majani makavu, nsansa na karanga za kusaga ndiyo mboga. Nyumba isiyo na nsansa mwezi wa tisa inakula ugali kwa chumvi.

Lakini pamba haikai bila dawa. Funza wanaingia kwenye vitumba, na msimu hauna huruma. Kila mkulima anapewa ekapaki zake, vichupa vya dawa, kimoja kwa ekari moja, na kila baada ya wiki mbili mtu anavaa bomba mgongoni na kuingia shambani. Dawa haichagui. Inaangukia pamba, na inaangukia kunde zilizo katikati ya pamba.

Serikali inalijua hilo, tusiseme haijui. Ipo sheria ndogo inayokataza kuchanganya pamba na mazao mengine. Zipo na kanuni za viuatilifu, nimezisoma kwa miwani yangu: dawa iliyosajiliwa kwa pamba isipigwe kwenye zao la chakula, kwisha. Maneno mazuri, yamepangwa vizuri, yana namba pembeni. Aliyeyaandika sidhani kama aliwahi kula ugali kwa chumvi.

Mwaka wake wa kwanza Constantine aliifuata sheria kama ilivyo. Alipita shamba kwa shamba na mgambo mmoja, waking'oa kunde. Alianza na za mama yake, ili asisemwe. Ng'wana Mayala alisimama pembeni mwa shamba akamtazama mwanaye anavyong'oa, kisha akainama, akamsaidia. Wanawake wengine hawakuwa na moyo huo. Walimtukana vya kutosha, na wiki iliyofuata walipanda tena. Mara hii walizipanda katikati kabisa ya shamba, mbali na njia, ambako bwana shamba haoni na ambako bomba linapita kila mara. Wakawa wanachuma kwa kujificha, haraka haraka, siku yoyote wanayopata nafasi, hata dawa ikiwa bado inanuka.

Constantine aliligundua hilo, likamnyima raha. Alikuja kwangu jioni moja akakaa kwenye kigoda bila hata kusalimia vizuri.

"Mwalimu, nimewafanya wale sumu zaidi kuliko kabla sijaja."

"Sheria si yako," nikamwambia.

"Lakini mikono iliyong'oa ni yangu."

Hapo ndipo alipoanza kufikiri jambo lake la minada. Kwenye dawa za nyanya huwa wameandika siku za kusubiri, kwamba ukishapiga, usichume mpaka siku kadhaa zipite. Kwenye dawa ya pamba hakuna kitu kama hicho, kwa sababu nani anakula pamba? Constantine akachukua siku kumi na nne. Alizitoa kwenye kichupa kingine, cha zao lingine, akaongeza na kukadiria kwake. Aliniambia hivyo mwenyewe, hakuficha. Sheria ilisema haiwezekani kabisa, naye akaona heri awape watu kitu wanachoweza kukitii. Akapanga na wapiga dawa wote wapige Ijumaa, kila baada ya wiki mbili. Mnada wetu wa ng'ombe ulikuwa Alhamisi. Kwa hiyo ukishapiga Ijumaa, unaacha Alhamisi ya kwanza ipite, unaacha ya pili ipite, na Ijumaa asubuhi, kabla bomba halijarudi, unachuma siku hiyo moja tu. Hapo zimetimia siku kumi na nne.

Kwa nini minada, asiseme tu siku? Kwa sababu kwetu siku zinafanana. Mwanamke anayeamka alfajiri kwenda kisimani, shambani, kwenye kuni, hana sababu ya kujua leo ni tarehe ngapi. Lakini mnada anaujua. Siku ya mnada vumbi linajaa barabara nzima, ng'ombe wanapita, mume anavaa kofia. Hakuna anayekosea mnada. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Nikamwambia, "Hili ndilo jambo la kwanza la serikali kutamkwa kwa lugha yetu."

Na likafanya kazi, tena vizuri. Msimu ule na uliofuata wanawake walihesabu minada. Wakubwa wa kilimo walikuja na gari jeupe, wakalipiga picha bango langu na ng'ombe wake wa miguu mitatu, wakamwita Constantine mbunifu. Wakachapisha mabango mengine kwa rangi nzuri, ng'ombe wa safari hii wana miguu minne, wakayabandika kwenye maghala ya vijiji vingine. Hakuna aliyemuuliza siku kumi na nne alizipata wapi, wala aliyesema kwamba sheria inakataza kunde zenyewe. Kila mtu alikuwa anafurahi. Nami nilifurahi, mjinga mimi.

Aliyeshika jambo hilo kuliko wote alikuwa Ng'wana Mayala. Wengine walipunguza hapa na pale, mgeni akija wanachuma kidogo. Yeye hapana. Alifunga mafundo mawili kwenye kamba ya katani juu ya mlango, mnada mmoja ukipita anafungua fundo, wa pili ukipita anafungua la pili, ndipo anachukua kapu. Niliwahi kupita pale akiwa amekaa na ugali mtupu, na kunde zimejaa nyuma ya nyumba, majani yanang'aa.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu. "Mbona unakula hivi na mboga iko hapo?"

"Mwangaluka, Mwalimu. Bado mnada mmoja," akajibu, akaendelea kutafuna.

Msimu huu uliopita ndio uliotumaliza. Mwezi wa pili funza walikuja wengi na dawa ikawa kama maji kwao. Kasmiri, ambaye hupiga dawa mashamba mengi ya huku na ni mpwa wa marehemu Ndalahwa, baba yake Constantine, aliona funza wanaogelea kwenye dawa na kuendelea kula. Akafanya wanavyofanya wote mwaka wa funza: akaweka ekapaki mbili kwenye ekari ya kichupa kimoja. Hakumwambia mtu, na wala hakuona kama ni jambo la kusema. Alipiga shamba la Ng'wana Mayala siku ya Ijumaa.

Kisha mnada ukahamishwa siku. Mnada wa jirani nao ulikuwa unafanyika Alhamisi, wanunuzi wakawa wanagawanyika, ikaamuliwa wa kwetu uwe Jumatatu. Jambo la kawaida kabisa. Gari la matangazo lilipita, na Jumatatu iliyofuata mnada ukafanyika. Lakini wafugaji wa mbali hawakuwa wamesikia, wakaswaga ng'ombe wao siku tatu njiani, wakatufikia Alhamisi kama walivyozoea. Nani angewarudisha? Wakaachiwa wauze. Kijiji kizima kilichangamka, minada miwili ndani ya wiki moja, nyama ya kuchoma mara mbili. Hata mimi nilikwenda mara zote mbili.

Na ule ukawa mnada wa pili tangu Kasmiri apige, siku ya sita tu.

Constantine hakuwepo. Alikuwa Bariadi kwenye semina ya siku tatu. Semina yenyewe ilihusu matumizi salama ya viuatilifu, na alikuwa ameitwa awaeleze wenzake habari ya minada. Sisemi zaidi hapo, kwa sababu nikisema zaidi nitatukana.

Ijumaa asubuhi Ng'wana Mayala alichukua kapu lake. Siku hiyo alikuwa na wageni: wanawake sita wa jumuiya yao waliokuwa wanakuja kumsaidia kupalilia mpunga, na kwetu ukisaidiwa kazi unapika. Mdogo wake, Veronica, alimfikia wa kwanza. Alimkuta katikati ya kunde, umande bado umejaa, khanga imelowa mpaka kifuani, mikono imekuwa ya kijani.

"Dada, si juzi tu Kasmiri alipiga hapa?" Veronica akamuuliza.

"Minada miwili imepita."

"Imepita, lakini siku ni chache."

"Mwanangu alisema minada," Ng'wana Mayala akajibu. "Hakusema siku. Au wewe unajua kuliko bwana shamba?"

Veronica amenirudishia maneno hayo mara nyingi, na kila mara anaishia hapo hapo, anakunja mikono. Alikuwa na shaka. Lakini anayebishana na Ng'wana Mayala juu ya utaratibu ni nani? Akashika kapu la pili, wakachuma wote.

Walipika majani yale kwa karanga. Mwenyeji ndiye aliyeonja chumvi, tena zaidi ya mara moja, na wageni waliposhiba ndiye aliyekula kilichobaki kwenye chungu. Kabla jua halijafika utosini wanawake wawili walianza kutapika shambani. Walidhani ni jua. Ng'wana Mayala alikaa chini kwenye tuta, mate yakawa yanamtoka bila kukoma na macho yakawa hayaoni vizuri. Aliniita "baba" nilipofika, wakati sikuwa nimezeeka kumshinda. Tulimpakia kwenye pikipiki, mtu mmoja mbele na mwingine nyuma akimshika, mpaka barabara kubwa, na kutoka hapo gari la mizigo likatupeleka Bariadi.

Hospitalini walihangaika naye kwa kweli. Niliona jasho la daktari. Constantine alitoka mbio kwenye semina, karatasi bado ziko mkononi, akamkuta mama yake anapumua kwa shida lakini anamtambua. Alipiga magoti pembeni mwa kitanda.

"Mayu, umekula nini?"

"Kunde."

"Lini Kasmiri alipiga?"

Mama alimtazama kama anavyomtazama mtu aliyeuliza kitu ambacho jibu lake yeye mwenyewe alilifundisha. "Nilisubiri minada miwili," akasema. "Nilihesabu vizuri."

Hakulaumu, wala hakujua kwamba kuna cha kulaumu. Alikuwa anataka mwanaye ajue kwamba alifanya kama alivyoambiwa. Alifariki siku ya pili, mchana, mvua ikinyesha. Wale wanawake wengine walipona wote, namshukuru Mungu, ingawa mmoja mpaka leo mikono inamtetemeka akimimina maji.

Tulizika. Baada ya siku chache wakubwa wakaja na lile gari jeupe, wakaitisha mkutano wa kijiji mbele ya ghala. Nilitangulia kufika, na nikakuta bango langu limeshatolewa ukutani. Pale lilipokuwa palibaki weupe wa mraba na misumari minne. Hakuna aliyeniambia nani alilitoa na mimi sikuuliza. Hilo nalo lihesabiwe kwangu.

Mkubwa wa kilimo alisoma taarifa. Alisoma vizuri, polepole, kwa sauti ya huruma. Alisema uchunguzi umebaini kwamba marehemu alikiuka sheria ndogo inayokataza kuchanganya mazao, na hakuzingatia muda wa kusubiri baada ya kupiga dawa. Akasema wananchi wajifunze kutokana na uzembe huo. Alitumia neno hilo, uzembe, kwa mwanamke aliyekuwa anafungua mafundo kwenye kamba. Nilitamani kusimama, sikusimama.

Aliyesimama ni Constantine. Alikuwa amekaa meza kuu pamoja nao, amevaa shati la kazi. Alikuwa anajua akisema itakuwaje. Sheria aliivunja yeye, kwa kuwaruhusu watu kile ambacho haikuruhusu, na siku alizotoa alizitoa kichwani. Kazi ingekwenda, labda na jela ingekuja. Alikuwa ameniambia usiku uliotangulia mkutano kwamba yote hayo anayajua na hayamsumbui. Alichotaka ni kimoja: mama yake asiitwe mzembe mbele ya watu alioishi nao maisha yake yote.

"Mama yangu alizingatia," akasema. Sauti ilikuwa nzito lakini ilisikika mpaka nyuma. "Muda nilimpa mimi. Nilisema minada miwili. Wiki ile minada ilikuwa miwili, na yeye alisubiri yote. Sheria ilisema kunde zisiwepo kabisa, na mimi niliwaambia mnaweza kula. Andikeni hivyo. Andikeni jina langu."

Mkubwa yule aliweka mkono begani kwake.

"Ndugu zangu," akasema, "mwenzetu ana uchungu wa kufiwa. Tumpe pole."

Na watu wakampa pole! Mkutano mzima, kwa sauti moja, "Pole sana," kama wanaitikia salamu. Taarifa ikakunjwa, ikarudi kwenye bahasha, haijaongezwa hata neno. Hawakumfukuza wala hawakumwandikia barua. Kumwadhibu kungewalazimu kueleza yale mabango yao yenye ng'ombe wa miguu minne, na nani alikuwa tayari kueleza? Nadhani alikuwa anangoja adhabu hiyo kama mtu anayengoja mvua, na hata hiyo wakamnyima.

Mkutano ulipotawanyika, Veronica alimfuata mpaka kwenye pikipiki yake. Nilikuwa karibu, nilisikia kila kitu.

"Ungekaa kimya, mwanangu," akamwambia, kwa upole kabisa. "Tulikuwa tunasema ni dawa iliyomuua dada yangu. Sasa umetuambia ni wewe."

Veronica alimshika mkono kidogo, akamwachia, akaenda zake. Sijui kama alitaka kumuumiza. Nadhani alisema tu alivyoelewa, na alivyoelewa ndivyo walivyoelewa wote.

Tangu siku hiyo watu wanamsalimu Constantine vizuri kuliko zamani, na hakuna anayemsikiliza. Amri mpya ilikuja, kali kuliko ya kwanza, kwamba kunde zote zilizo ndani ya pamba zing'olewe. Alipita akaitangaza, wanawake wakamwitikia "Sawa, baba, wabeja," yaani asante, wakamngojea apite. Mgambo hawakuja, mafuta ya gari hayakuwepo. Mvua za mwaka huu zilipoanza walipanda pamba, na katikati ya pamba wakapanda kunde, na wapiga dawa wakarudi kupiga siku yoyote wanayojisikia. Hakuna aliyekuja kumuuliza bwana shamba wasubiri muda gani. Nyumba zilizokuwa zinahesabu zimeacha kuhesabu, kwa sababu wameona mwenye kuhesabu alivyofanywa.

Na wao wana haki yao, hilo ndilo linaloniua. Nimelifikiria kwa kila upande. Ukiwaambia wasile, hawana kingine. Ukiwaambia wasubiri, dawa inarudi kabla hawajamaliza kusubiri. Ukiwaambia wapande kando, kando ni kwa mtu mwingine na kumejaa pamba. Kanuni ipo, na kila neno lake ni kweli, na haina mlango wa mtu kuingilia. Mtu mmoja alijaribu kuutoboa mlango kwa mikono yake, mkaona aliyepita wa kwanza ni nani.

Wiki iliyopita nilikuwa nimepanda nyuma ya pikipiki ya Constantine, ananirudisha kutoka Bariadi nilikokwenda kupimwa macho. Tulipita nyumbani kwa Veronica na kumkuta shambani anachuma majani ya kunde. Kasmiri alikuwa ametoka upande wa pili wa shamba hilo hilo asubuhi ile, tulipishana naye njiani, bomba likiwa bado linachuruzika mgongoni. Constantine alizima pikipiki, akaingia kwenye mistari ya pamba na viatu vyake vya mjini.

"Mama mdogo, hizi zimepigwa leo. Subiri, nakuomba."

Veronica alinyooka, akashika kiuno. Uso wake haukuwa na hasira. "Mpaka lini?" akamuuliza.

Nilimtazama Constantine. Nilijua anazo namba kichwani, anazijua za kila kichupa, za nyanya, za kabichi, za mahindi. Hakusema hata moja. Veronica alimngoja kwa adabu, muda wa kutosha, kisha akainama akajaza kapu lake, akatukaribisha ndani kwa sababu ilikuwa saa ya kula na hatuwezi kupita nyumbani kwake na njaa.

Alipika kama anavyopika kila siku, kwa karanga. Akaweka ugali katikati na bakuli la majani pembeni, akaleta maji ya kunawa. Mimi nilisema nimeshakula Bariadi, ambalo halikuwa kweli, na Veronica hakunisumbua. Kisha akamgeukia mtoto wa dada yake na birika mkononi. Constantine alikaa akilitazama lile bakuli, nami nikamwita jina, mara moja, kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Alinyoosha mikono, akanawishwa, akakata tonge, akachotea majani.